Matofali ya upande wa lupango

Bunia, siku ya tatu ya ubishi. Mvua tangu asubui, na moyo wangu nao umelowa.

Naandika mu telefone na kidole moja. Makosa ya herufi munisamehe. Kosa ya mikono yangu ndiyo inanisumbua.

Toka hapa mpaka Marabo, uliza fundi wa matofali ni nani, watakuonyesha nyumba yangu. Wakati masasi ilikuwa inalia, ni mimi niliziba kwa matofali madirisha ya sale ya parokia, mule wakimbizi wa Djugu wanalala. Hakuna risasi hata moja iliingia. Hiyo nilisema kila siku ya Mungu, hata kwa wenye hawakuniuliza.

Juzi mama muganga wa sante, ile hospitali yetu ndogo, akaleta kamashini kadogo, akakatundika ku ukuta. Kanapima ile hewa yenye watu wanatoa wakipumua. Ikiwa kidogo, taa ni ya kijani. Ikijaa, nyekundu. Mu sale yetu, mulango ukifungwa, ilibaki nyekundu tu. Akaniomba nitoe matofali. Nikamuambia kamashini kanadanganya, ukuta wangu hauna kosa.

Leo muganga alirudi, watu wote wakiwa ndani sababu ya mvua. Nikamuambia: "Mama, funga mulango. Nitakaa hapa katikati mpaka mvua ikatike, utaona muzee anatoka muzima."

Nikakaa. Nikaanza kuwaelezea namna nilipanga yale matofali. Kichwa ikaanza kuuma. Kisha sijui.

Nililala. Mbele ya watu wote, kinywa wazi, katikati ya kujisifu.

Kicheko ndiyo iliniamusha. Mama Dezi, mukimbizi mwenye kulala karibu na mulango, alikuwa anapanguza machozi. "Baba Fundi, siye tulifikiri utamaliza hadithi. Kumbe hadithi imekumaliza."

Muganga hakucheka. Alifungua mulango, taa ikarudi kijani polepole. Akaeleza watu: kichwa kuuma, mwili kulegea, usingizi ya muchana, sehemu kubwa inatoka mu hewa yenye kufungiwa hivi.

Mama Dezi akasema kwa sauti ya chini: "Siye tulifikiri ni huzuni."

Hilo neno linakataa kutoka mu masikio yangu.

Basi niseme ukweli. Masasi ilikuwa inatoka upande wa barabara. Upande wa lupango, ile uwanja ya nyuma kule wamama wanatwanga majani ya sombe, kuko ukuta mwingine murefu, risasi haiwezi kufika. Niliziba hata kule kwa sababu upande moja wazi na mwingine umezibwa ilikuwa mbaya kwa macho. Nilitaka kazi yangu ifanane, watu wasifie.

Hakuna mutu aliniomba.

Wakimbizi walifika na kilio yao, mimi nikawaongezea muzigo, kisha nikangojea aksanti.

Upande wa barabara utabaki hivyo, maana vita haijaisha. Upande wa lupango nilitoa tofali ya kwanza leo muchana, mvua ikinipiga mugongo. Simenti yangu ni kali, nyundo ilikuwa inaruka tu. Mama Dezi alikuja kusimama karibu, anatazama. Nilitaka kumuambia: unaona vile nilijenga kwa nguvu?

Nikafunga kinywa.

Hewa ikapita mu lile tundu, baridi, na harufu ya udongo.

Kukipambazuka nitarudi na nyundo, mvua inyeshe ao ikatae. Mikono itaweza. Kinywa je, itaweza kukaa kimya mpaka tofali ya mwisho?