Matofali Mabichi Kwenye Mdomo wa Duara

Jumanne, Kahama. Jua kali, vumbi tele, na shavu langu la kushoto limevimba.

Naandika kwa hasira.

Kazi yangu ni matofali ya zege. Tunayafyatua, tunayafungia kwenye kontena lisilopitisha hewa, tunafungulia mtungi wa kabonidioksaidi. Gesi inayaivisha kwa siku moja, badala ya kuyamwagilia maji wiki nzima na zaidi. Tofali la katikati lina nyaya mbili zinazotoka nje hadi kwenye mita. Kadiri linavyoiva, umeme unapata taabu kupita na namba inapanda. Ikitulia, limeiva mpaka ndani.

Leo asubuhi ilikuwa bado inapanda. Masanja, mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, aliyeagiza matofali ya kujengea kuta zake, hakutaka kusikia. Alifungua kontena mwenyewe, akagonga tofali, akasema mbona gumu. Nikamwambia ugumu ni wa juu tu, na ukuta wa matofali mabichi utawafukia watu wake. Akazing'oa nyaya. Nilipomshika shati alinizaba kofi, nikaanguka. Nikamtupia mwiko wa kujengea, ukamchana sikio. Vijana wake wakapakia, wakaondoka.

Nilitema damu. Kisha nikachukua nyundo na kupanda bodaboda.

Niliwakuta kwenye duara wamejifunga kamba, tayari kushuka na matofali. Nikalipiga la kwanza. Likapasuka vipande viwili, na ndani likawa linamong'onyoka vidoleni. Nikalipiga la pili, la tatu. Mmoja alinivuta nywele, mwingine akanipiga teke la mbavu. Niliwaeleza habari za mita huku niko chini, wakacheka. Hakuna aliyetazama ndani ya tofali.

Hapa mwanamke haruhusiwi kusogelea mdomo wa duara, na akiwa kwenye siku zake ndiyo kabisa. Wanasema dhahabu inakimbia. Nimeichukia imani hiyo tangu nilipokuwa nawauzia uji na kufukuzwa kwa fimbo.

Nikainuka, nikasimama juu ya magogo ya mdomo wa shimo.

"Niko kwenye siku zangu," nikasema. "Tangu jana."

Wote walirudi nyuma. Masanja alikuwa ameinua mkono. Akaushusha.

"Mayo, mama wee, umetuulia duara," akasema mkubwa wa wachimbaji, akifungua kamba kiunoni. "Leo hashuki mtu."

Mita hawakuiamini. Damu yangu waliiamini.

Niliporudi nililia, nikacheka, mbavu zikanikataza vyote viwili. Wamesalimika kwa kitu kilekile kilichonidhalilisha miaka yote. Nifurahi? Sijui.

Kesho mganga anakuja kusafisha duara, na keshokutwa wanashuka. Mchana huu nimefyatua mengine, nimefunga kontena, nimeunganisha nyaya upya. Nitayapeleka mwenyewe, anizabe tena akitaka.

Mita iko mbele yangu. Namba bado inapanda.

Tulia basi, kabla hawajashuka.