Mtoto Hataki Kanga, Anataka Kifua

Atlabara, Juba

Kwako dada yangu Nafula,

Pokea salamu za ndugu yako, mzima kila mahali isipokuwa mgongo. Huko Bungoma mmeamkaje? Mguu wa Mama umepungua kuvimba?

Najua unachotaka kusikia kwanza. Mjukuu wako yuko hai, na binti yako Nekesa anapata nafuu. Sasa kaa nikueleze.

Mtoto alikuja na miezi saba tu, kwa upasuaji, baba yake akiwa amekwama na lori njia ya Nimule. Kwa hivyo mwanaume wa ukoo hapa ni mimi. Unanijua, fundi wa majenereta ya hoteli ni mimi. Nikikohoa, nusu ya Atlabara inaingia giza. Lakini mguu wa mtoto huyu, dada, ni kidole changu cha gumba. Na Juba hii, ambapo juzi nilikaanga yai juu ya tangi la dizeli, yeye anasikia baridi. Nesi anasema hana mafuta mwilini, na baridi inaweza kumuua.

Nesi ni mama wa hapa aliyekulia ukimbizini Uganda. Akaniambia, "Mzee, mama iko na homa. Mtoto nataka kangaroo."

Mimi nikasikia kanga, yule ndege. Nikajua ni supu ya kumwongezea Nekesa maziwa. Nikazunguka soko la Konyo Konyo mpaka nikapata kanga dume, mkali kuliko askari wa mpakani, nikaingia naye wodini miguu imefungwa.

Nesi akacheka mpaka akashika ukuta. "Ndege yako peleka inje. Kangaroo iko mnyama ya Australia, nabeba mtoto kwa tumbo. Wewe nawa mikono, toa shati."

Ndivyo nilivyofungiwa mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, asubuhi mpaka jioni, siku tisa. "Na hapana piga kelele," nesi akasema. Mimi huyu wa makelele, dada. Akina mama wa wodi wakanitania, "Baba Kangaroo, utanyonyesha lini?" Nikawanong'oneza wasubiri, maziwa yako njiani.

Siku ya nne kifua chake kilinyamaza. Injini ikitaka kuzima, mtu wa kazi yangu huisikia mapema. Nesi alikuwa amenifundisha kusugua wayo. Nikasugua huku namwita. Nikasugua tena. Akavuta pumzi. Hili silitii chumvi, na hotelini sijamsimulia mtu.

Sasa anapewa maziwa ya Nekesa kwa mpira mdogo wa puani, na ameanza kujaribu kunyonya. Kwa hivyo ile dawa ya mizizi usitume, wala asali. Maziwa ya mama tu. Mwambie Mama taratibu, maana najua chupa tayari imejaa. Na atakayekuja kumwona akiwa na mafua, hata awe nani, abaki nje. Mimi mwenyewe nilipiga chafya moja nikafukuzwa siku mbili.

Msalimie shemeji, na katekista aliyetuombea. Mke wangu akisikia habari za kanga, mwambie ni kweli, na ndege huyo bado yuko uani hotelini anawafukuza wageni.

Ulisema tusimpe jina mpaka tuone kama atakaa. Ni msichana, na anakaa. Wewe ndiwe nyanya yake, tuma jina.

Ndugu yako,
Barasa