Gauni la Tanga

Mpendwa baba,

Kesho ni sikukuu ya Uhuru, na mjukuu wako Neema amechaguliwa kwenye gwaride la watoto hapa Musoma mjini. Tangu asubuhi anapiga mguu sebuleni, kushoto, kulia, mpaka vikombe vinagongana kabatini. Nilianza kwa kucheka, kisha nikakukumbuka, machozi yakanitoka.

Unaikumbuka miaka ile ya foleni, kule Kibara? Sabuni foleni, sukari foleni, na kitambaa ndiyo usiseme. Mwalimu wa gwaride alitangaza kwamba msichana asiye na gauni jeupe hataingia uwanjani, atasimama pembeni na watazamaji. Mimi nilikuwa nimeshajifunza kugeuka vizuri kuliko wote darasani. Nilirudi nyumbani nikalala kifudifudi mkekani, chakula nikakataa. Mama alinibembeleza mpaka akachoka. Wewe ulishuka ziwani, ukarudi na tanga la mtumbwi wako begani.

"Limeshaoza hili," ulisema. "Nilikuwaga nataka kulitupa."

Mama alikutazama tu.

Fundi wa pale sokoni cherehani alikuwa nayo, uzi hana. Basi ukanishonea mwenyewe, kwa sindano yako ya matanga na nailoni ya nyavu. Gauni hukuwahi kushona maishani, kwa hiyo ulilishona kama ulivyojua: mishono miwili miwili, na kwenye pindo ukapitisha kamba, ikazunguka lote.

"Baba, gauni haliwekwi kamba."

"Bila kamba upepo unachanaga. Vaa."

Mama alilifua kwa majivu, akarudia tena, na bado lilinuka dagaa kwa mbali. Siku ya sikukuu wenzangu walinicheka, na kila nikipiga hatua ile kamba inanigonga magotini. Nilikununia njia nzima.

Tulipofika mbele ya mgeni rasmi, mikono yote juu kwa saluti, upepo wa ziwani ukavuma. Magauni ya wenzangu yakapanda. Kila mmoja akashusha mkono kulikamata la kwake, mstari ukavurugika, uwanja mzima ukaangua kicheko. La kwangu lilitulia tuli. Nilipita peke yangu, mkono kwenye paji la uso, shingo imenyooka, utadhani uhuru wenyewe niliuleta mimi.

Nilikutafuta kwa macho. Watu wote walikuwa wanashangilia, na wewe ulikuwa unagonganisha ncha za vidole tu, taratibu. Iliniuma sana. Nilidhani hukufurahi.

Jioni nilikuletea maji ya kunawa, ndipo nikaviona viganja vyako. Vilikuwa vimechubuka, nyama nje. Tanga halikuwa limeoza hata kidogo. Tangu ulikate ulikuwa unapiga kasia mpaka kwenye nyavu na kurudi, safari uliyozoea kwenda umekaa, upepo ukifanya kazi. Nilishika mikono yako nikalia.

"Usilie, Nyanjura," uliniambia. "Nimekuona. Wewe tu ndiye uliyepita."

Baadaye biashara ilipofunguliwa, vitambaa vikajaa mpaka barazani kwa maduka. Kwa mshahara wangu wa kwanza nilikununulia marekani ya tanga jipya. Uliipapasa kwa muda mrefu, kisha ukaniuliza kama inatosha kutoa na gauni. Nilikuwa mwalimu mtu mzima, baba, na bado ulikuwa unanipima mabega kwa macho.

Gauni la Neema limetoka dukani, jeupe pe, jepesi kama karatasi. Mchana huu nimelifumua pindo nikapitisha kamba. Amenuna, hataki hata kuniangalia, na mimi nimemjibu kwa maneno yako yale yale.

Nakukumbuka sana, baba. Kesho nitasimama mbele kabisa, upande upepo unapotokea. Nitampigia Neema makofi yake. Kisha nitapiga na yale ambayo viganja vyako vilishindwa kunipigia, mpaka vya kwangu viwake moto.

Pumzika sasa, kasia liweke chini.

Binti yako uliyemvika tanga,
Nyanjura