Kiberiti cha Baba

Feza, mjukuu wangu,

Hapa Kasongo tuko wazima. Shangazi yako amerudi Lusangi na watoto, basi ninakula peke yangu. Unauliza mkihamia Bukavu mkae mtaa gani. Mitaa ya huko siijui.

Wakati wa Wabelgiji, baba alituhamisha kutoka kijiji chetu cha Wamaza mpaka hapa. Alichagua mtaa ulio karibu na maji, akamnunulia mama kiberiti. "Hautaomba moto kwa mutu," alisema akijivuna. Kule Wamaza, wanawake waliombana makaa kila asubuhi. Hapa mama aliwasha moto wake mwenyewe, na miezi ikapita bila mwanamke yeyote kuvuka kizingiti chetu. Alizungumza na kuku.

Siku moja mvua ililowesha kiberiti. Mama alichukua kigae, akaenda kwa jirani.

"Ee mama, kumbe uko na kinywa!" jirani akacheka. "Sisi tulisema unatuzarau. Ikala kwanza." Akamsogezea kigoda, mama akaketi.

Tulingoja na njaa yetu. Aliporudi, makaa yalikuwa yamezimika kwenye kigae. Akacheka, mara ya kwanza tangu tuhame, akarudi kuomba mengine.

Mtaa wowote wenye maji utafaa, Feza. Ila mkifika, nenda kwa jirani ukaombe kitu, hata kama unacho.

Babu yako