Baba Alipogombana na Siraje

Mafubira, Jinja

Kaka Bruhan,

Salamu zikufikie huko Malukhu. Hapa mahindi yamebeba vizuri.

Leo Ijumaa baba amekuja kututembelea, akamsifu Rais kwa kupeleka askari nchi za nje. Mume wangu Siraje akamjibu, "Sifa za ugenini hazishushi bei ya sukari!" Baba akakasirika, akaniambia, "Zaitun, funga mizigo, turudi kwetu Mbale." Nikafunga huku nikilia.

Tukiwa mlangoni akapita Owino, dereva Mkenya, mteja wetu wa mahindi. Akacheka, "Rais wenu anawaaibisha." Baba na Siraje wote wawili wakamjia juu: "Na wa kwenu je?" Kisha wakaenda msikitini pamoja.

Sasa wamerudi, wanakula. Kaka, hakuna aliyeniambia kama bado nimeolewa.

Mdogo wako,
Zaitun