Msichana Aliyekataa Kuinuka kwenye Dawati

Mombasa, Jumanne

Dada yangu mpenzi Mwanashee,

Assalamu alaykum. Kifua vipi? Kile kikohozi kimekuachia, au bado unakificha ili tusikutie dawa? Sisi huku tu wazima, mimi na Shamsa, na leo neno hilo nalisema kwa moyo mweupe.

Utashangaa kupewa karatasi ilhali simu twapigiana. Lakini kuna maneno ambayo mdomo wa ndugu wa kiume hauyawezi mbele ya dada yake. Hata hapa kwenye karatasi natoka jasho.

Nilikwambia Shamsa anakataa shule. Kila mwezi, siku kadhaa, hujifunga leso tumboni akalala, ukimuuliza anasema tumbo. Mwishowe akasema harudi tena kabisa. Mwalimu mkuu akanionya kwamba atarudia darasa. Mimi fundi wa vitanda na milango nikatumia akili yangu ya randa na msumeno: ama ni jicho la watu, ama kuna mvulana. Nikaenda kwa ustadhi, akaniandikia kombe la zafarani. Shamsa akalinywa, akashukuru, akarudi kulala.

Jumamosi tulikuwa kwa jirani yetu Bi Zuena, Mbajuni wa kisiwa cha Kudha, tukitazama televisheni. Kuna kipindi cha vichekesho ambacho watoto wenyewe huigiza mambo yao ya shule na nyumbani. Mwalimu, mtoto aliyebandikwa masharubu ya pamba, alimwita msichana ubaoni. Msichana hainuki. Mwalimu akamvuta, wenzake wakamsukuma, mmoja akachungulia kama kiti kina gundi, mpaka wakamwinua na dawati lake. Nilicheka, dada, mbavu zikaniuma.

Shamsa hakucheka. "Mbona wacheka, baba?" akaniuliza. "Yule ni mimi."

Pale kwenye televisheni rafiki wa yule msichana akaja, akamfunga sweta kiunoni, wakatoka zao wameshikana mikono, na masharubu ya mwalimu yakadondoka. Ndipo nikaelewa. Mwanao amevunja ungo, nami nimemnywesha kombe.

"Toka nje, Omari," Bi Zuena akasema. "Hapa hapana kazi ya mwanamume."

Nikatoka. Lakini mlango ule niliutengeneza mimi, na hauzuii sauti. Nikamsikia Shamsa akieleza kwamba alidhani ni ugonjwa uliomuua mama yake. Unakumbuka wifi yako, Mungu amrehemu, alivyotokwa na damu baada ya ule uzazi wa mwisho. Sisi tulijua mtoto kapelekwa kwa majirani, kumbe alikuwa amerudi, akaona. Miezi yote hii mtoto alikuwa akingoja kufa, na hasemi, asije akanitia huzuni. Nililia pale barazani wala sikujificha. Kisha nikasikia Bi Zuena anacheka, na Shamsa naye akacheka, nikawa kama mtu aliyetuliwa gogo mabegani. Alhamdulillahi, dada. Mwanangu haumwi.

Jana amekwenda shule mwenyewe, sweta begani ingawa jua lachoma.

Bi Zuena alijitolea awe somo wake, wa kumfunza mambo ya kike. Shamsa akamshukuru kwa adabu, akasema somo wake ni shangazi yake aliye Kismayo, mama yake alimchagulia tangu ananyonya. Bi Zuena hakununa. "Basi na aifanye kazi yake," akasema kwa Kibajuni chake. "Hakuna mchu atakayemfanyia."

Nisalimie shemeji, mwambie ile patasi yake bado naitumia na sirudishi. Nisalimie na mama mkubwa wetu wa Koyama, msusi wa mikeka. Mwambie mjukuu wake sasa amenipita mimi kimo, na anamwombea kila swala.

Barua hii atakupa mkononi mke wa fundi mwenzangu anayerudi huko. Ukishaisoma, piga simu baada ya Alasiri. Nikiona namba yako sitapokea, wala usiniulizie hali. Simu nitampa Shamsa, nami nitatoka, nisimame mwisho wa mtaa mpaka aje kuniita mwenyewe.

Mdogo wako,
Omari