Sanduku la Évode

Mpendwa Shangazi Paskalia, siombi huruma, hiyo ninayo ya kunitosha, naomba unisaidie kujua ni nani ananichimba kwa mama mkwe, maana mtu yupo, hilo halina ubishi, nimechunguza mpaka nimechoka na bado simwoni.

Mimi ni Mkenya, naishi Farsta, mchana nasafisha mabasi na jioni natengeneza masanduku ya sabufa za magari, kazi ambayo hakuna aliyenifundisha, nilijifunza kwa kuharibu: unakata mbao za MDF, unaziunga kwa gundi na skrubu, unaziba kila pembe kwa silikoni hewa isipenye, ndani unatandika pamba, nje unavisha kapeti nyeusi, kisha unavuta waya mwekundu kutoka kwenye betri, fyuzi ukiiweka pale pale jirani na betri, si kule nyuma kama wafanyavyo wanaotaka kuchoma gari, na ukimaliza besi inakugonga kifuani hadi unakumbuka dhambi zako.

Nimechumbia binti wa Kikongo wa Alby, Christelle, amekulia hapa hapa, Kiswahili anakisikia lakini anajibu kwa Kiswidi, na mama yake, Mama Perpétue, mtu wa Uvira, alikuwa ananipenda kuliko nilivyostahili, ananiita "mukwe" hata mahari haijatoka, mpaka siku moja ya Februari alipopita kwangu kuniletea sombe, kisamvu chao, akanikuta chini kwenye stoo za jengo natengeneza sanduku la Évode, kijana wa Kirundi anayeimba kwaya moja na mama huyo, ambaye wakati huo alikuwa amelazwa hospitali, kidole tumbo kimempasukia. Sanduku lilikuwa refu, la spika mbili, matundu sijayakata, kifuniko nimekiegemeza ukutani, nalipimia pamba ndani.

"Hii iko ya nani?" akaniuliza akiwa mlangoni, hakuingia.

"Hili? Sanduku la Évode, mama."

"Na yeye anajua?"

"Si ndiye aliyeagiza! Nakimbizana nalo ili likamilike mapema, maana hali yake unaijua."

Akaliangalia toka mwisho huu hadi ule. "Na atatosha kweli?"

Wakongo na ngeli, Shangazi, unawajua, kwa hiyo nikamsahihisha kwa heshima zote: "Litatosha, mama, si atatosha. Nimepima mara mbili."

Akasema "Yesu wangu", akaiweka sombe kwenye ngazi, akaondoka bila kuaga.

Tangu hapo mimi si mukwe tena, ni "monsieur". Chapati ninazompelekea zinakauka mezani kwake, hakuna anayezigusa. Nilitaka kuwatundikia rafu, nikachomoa tepu yangu ya kupimia, mama akaruka nyuma ya kiti akapiga kelele, "Usinipime!" Nikaona nimpoze, nikamwambia, "Mama, hata kaka yako mzee Édouard ameniomba lake, lake litakuwa fupi kidogo, na mbao zikibaki nitakutengenezea na wewe dogo, nitalivisha kitambaa cheupe." Badala ya asante akajifungia chumbani, nikamsikia anasali kwa Kifaransa, lugha ambayo huwa anaiwekea mambo mazito. Wiki iliyofuata siku ya kupeleka mahari ikasogezwa, hadi lini hawasemi. Christelle akimwuliza mama yake anajibiwa "achana na hayo", nami nikimwuliza Christelle ananiambia "hon är bara trött", eti mama amechoka tu, na mimi nimekaa nchi hii ya kutosha kujua kwamba uchovu wa hapa huwa na jina la mtu.

Jina lenyewe nadhani ni Axel, mpwa wa mchungaji, ana gari jipya lenye redio ya kiwandani, mtu asiye na siri hata ya muziki. Jumapili nilikuta mlangoni kwao viatu vya kiume, nikavigeuza, namba arobaini na tano, na nilipobisha sauti za ndani zikazimika kama mtu amekata waya. Nimeshamfuata Christelle kwa treni kutoka Alby hadi mjini, mimi behewa la nyuma, yeye la mbele, akaenda kununua soksi, lakini soksi za nani? Na Évode mwenyewe kidonda kimetunga usaha, yuko hospitali mpaka leo, kwa hiyo hata mtu wa kuniulizia ndani ya kwaya sina. Shangazi, niendelee kupeleleza, au nijiondoe kwa heshima kabla sijaondolewa?

Mwenye Mashaka, Farsta

*

Mwenye Mashaka, umechunguza kila kitu isipokuwa mdomo wako.

Barua yako nilimsomea jirani yangu wa Bukavu. Nilipofika kwenye "atatosha" akaweka kikombe chini. Nilipofika kwenye kitambaa cheupe akacheka hadi machozi, halafu akasema, "Masikini, ule mama." Kwao ukitaja sanduku la mtu aliye mahututi, hakuna anayefikiria muziki. Ni kile ambacho mimi na wewe tunakiita jeneza.

Sasa jisome. Boksi refu, kifuniko ukutani, pamba ndani, mwenyewe yuko hospitali na wewe unakimbizana nalo "maana hali yake unaijua". Mama wa watu, roho mkononi, anakuuliza kama Évode ataenea mle ndani, na wewe unamfundisha ngeli! Hakukosea ngeli, kijana. Aliuliza habari za mtu, ukamjibu habari za mbao. Kisha kaka yake ukampa fupi, na yeye mwenyewe ukamwahidi dogo. Mimi ningetokea dirishani.

Na katika barua yote hii sioni mahali ulipomweleza mama huyu kazi yako ya jioni. Huenda Christelle anaijua, ukadhani nyumba nzima inaijua.

Pole, maana kusogezewa mahari bila kutajiwa kosa kunauma. Pole yangu inaishia hapo. Viatu vya namba arobaini na tano sijui ni vya nani, na wewe hujui, ila mimi sikuvigeuza. Ningekuwa mtu wa kuweka dau, ningesema ni vya watu wa maombi, na aliyekuwa akiombewa ni wewe. Na hiyo ya kumfuata mchumba kwenye treni ikome leo. Siku akigeuka akakuona behewa la nyuma, hapo hutakuwa na neno la kusingizia.

Fanya hivi. Christelle mweleze leo hii, bila kupunguza kitu, hata treni. Kisha yeye amwombe mama yake mkutane hospitali kwa Évode. Kwenye gari lako hatapanda, usimlazimishe. Évode amwambie kwa kinywa chake aliagiza nini, wewe ukae kimya kitini. Mkitoka hapo mwende wote stoo, matundu yawe yamekatwa na spika zimefungwa, mama azishike kwa mkono wake, na uwashe wimbo wa kwaya, kwa sauti ya chini, tusije tukapata mgonjwa wa pili. Neno sanduku usilitamke kabisa. Wakongo spika huiita bafle, sema bafle, na ulitamke sawasawa, maana ukisema bafu tutaanza upya. Mwombe radhi kwa kumsahihisha, binti yake akisikia. Na usicheke mpaka yeye acheke kwanza.

Majina nimeyabadilisha, lakini Alby kila mtu ana shangazi yake, kwa hiyo ufike kabla ya gazeti.

Usiwaze kujiondoa. Mama aliyeamini kabisa kwamba wewe ni mchawi unayewapimia watu majeneza angemwambia binti yake jioni ile ile, na leo ungekuwa unaniandikia barua nyingine. Huyu amesogeza siku tu, wala hajamwambia binti yake neno. Ana hofu, lakini anatamani iwe ya uongo, na mtu pekee wa kumthibitishia ni wewe. Nenda, kabla hajachoka kukungoja.

Shangazi Paskalia